Wifi Imejaa, Anwani Hakuna: Siku Mbili za Kimya katika Nyumba Moja ya Bunia

BUNIA – Alama ya wifi iko kwenye simu, mistari yote imejaa, lakini ujumbe hauendi wala haurudi. Wakaaji wengi wa Bunia wanaijua hali hii, na kila mtu ana jibu lake: mtandao ni mubaya, mega zimekwisha, simu imechoka. Katika nyumba moja ya mjini, ambamo mwalimu mzee aliyekwisha kuacha kazi amepokea familia tatu zilizokimbia vita Djugu, majibu hayo yote yalitolewa kwa muda wa siku mbili. Hakuna hata moja lililokuwa la kweli.

Ruta ya nyumba hiyo ni kisanduku kidogo chenye nafasi ya kadi ya simu, na kinatumia umeme wa batri ya sola. Familia zote nne zinachanga kila mwezi ili kununua mega. Mtu wa mbali anaweza kusema ni starehe. Lakini tangu vita vilipowaka Djugu mwezi wa Desemba 2017, watu wengi walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mpaka Uganda, na wengi wao wakapelekwa Kyangwali. Basi familia moja inajikuta pande mbili za ziwa: mama yuko Bunia, watoto wako Kyangwali. Kupiga simu ya kawaida kuvuka mpaka kunamaliza unite haraka. Sauti iliyorekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp inakula mega kidogo tu.

Mmoja wa wamama wakimbizi wa nyumba hiyo ana binti kule Kyangwali. Binti alikuwa na mimba ya kwanza na siku zake zilikuwa zimefika. Kila jioni, saa moja, alikuwa anatuma sauti: amekula, amelala, mgongo unauma. Siku ya Alhamisi sauti haikuja.

Jumatano usiku kijana wa mwalimu alikuwa ameona kwenye ruta tangazo kwamba kuna programu mpya. Akakubali. Ruta ikajizima, ikawaka tena, taa zote zikawa kijani. Kesho yake asubuhi kompyuta ya mwalimu ikafanya kazi kama kawaida, lakini simu za wageni hazikupata kitu. Ziliandika tu kwamba zinatafuta anwani ya IP, kisha zikaacha, kisha zikaanza tena.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwa kuwa kompyuta ya mwenye nyumba ilipata mtandao na simu za wageni zilikosa, wageni waliona wamefungiwa. Mmoja alisema kwa sauti ndogo kwamba kuishi kwa watu ni kazi, siku moja watakuonyesha mlango. Upande wa pili, mke wa mwalimu alidhani watoto wa wageni wamemaliza mega kwa kuangalia video. Watu waliokula kwenye sufuria moja kwa miezi mingi wakaanza kusalimiana kwa shida.

Ijumaa asubuhi kompyuta nayo ikanyamaza. Mwalimu akamwita kijana mmoja anayetengeneza simu karibu na soko. Fundi hakuigusa ruta kwanza. Alifungua kompyuta, akatafuta anwani yake kwenye mtandao, akakuta namba inayoanza na 169.254.

“Papa mwalimu,” akasema, “mtandao haujakufa. Kompyuta imeomba anwani, hakuna aliyeijibu, ikajipa namba yake yenyewe.”

Akawaeleza kwa mfano wanaoujua. Mkimbizi akifika mahali pa ugawaji, anaenda kwanza kwenye meza ya kuandikisha. Pale anapewa jetoni yenye namba. Bila jetoni, hata kama amesimama mbele ya magunia ya unga, hapati kitu. Katika ruta kuna meza kama hiyo, inaitwa DHCP. Simu ikiingia kwenye wifi inapaza sauti: nani wa kunipa anwani? Ruta inajibu: hii hapa. Simu inasema: naichukua. Ruta inathibitisha. Ni maneno manne tu, na yanapita kwa muda mfupi sana. Utaratibu huo uliandikwa na Mmarekani Ralph Droms, na kanuni zinazotumika mpaka leo zilitoka mwezi wa Machi 1997.

Wifi ni mlango wa uwanja. Mistari yote kujaa maana yake umeingia uwanjani. Haina maana kwamba umeandikishwa.

Mama wa Djugu akauliza swali ambalo wengine walilinyamazia: “Mwanangu, kama meza ilifungwa Jumatano, mbona kompyuta ya papa ilipata jana?”

Fundi akajibu kwamba anwani inaazimwa kwa muda. Katika ruta hii muda ulikuwa masaa 24. Kompyuta ilikuwa na jetoni yake tangu Jumatano jioni, na hata ilipokosa jibu iliendelea kuitumia mpaka muda ukaisha. Simu zenyewe ziliachana na za zamani, zikaomba mpya, zikakosa. Hakuna mtu aliyefungia mtu.

Kisha akaanza kazi. Kwa kuwa ruta haikutoa anwani, aliiandikia kompyuta anwani kwa mkono: 192.168.1.50, na mlango wa kutokea 192.168.1.1, ambayo ni namba ya ruta yenyewe. Hivyo akaweza kufungua ukurasa wa ruta. Kwenye sehemu ya mtandao wa nyumbani akakuta DHCP imezimwa. Akaiwasha, akahifadhi, akazima ruta na kuiwasha tena. DHCP ikarudi kuzimwa.

Akasema mipango ya zamani haipatani na programu mpya. Akamwomba kijana wa mwalimu daftari, akaandika jina la wifi, neno la siri na mipango ya kadi ya simu. Baada ya hapo akaingiza ncha ya sindano katika tundu dogo la nyuma, akashikilia kama sekunde kumi mpaka taa zikapepesa. Ruta ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Akaingiza upya yaliyoandikwa daftarini, akaruhusu anwani kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199, akairudisha kompyuta kuomba anwani yenyewe. Mwishoni akawaambia wote wafute wifi hiyo kwenye simu zao na kuingia upya.

Simu ya mama ililia mara mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Alhamisi: binti anasema uchungu umeanza, anapelekwa kwenye kituo cha afya. Ya pili ilikuwa ya jirani yake, Ijumaa alfajiri: mtoto ni msichana, mama yake yuko salama, lakini usiku mzima alikuwa anauliza mbona Bunia hawajibu.

Mama alisikiliza ya pili mara tatu kabla ya kujibu. Jioni ile mke wa mwalimu alipika sombe, akaipeleka mwenyewe upande wa wageni, akakaa nao mpaka usiku. Habari ya mega haikutajwa.

Kwa familia nyingine zinazotumia ruta moja, mambo machache ya kushika:

Kwanza, ikiwa wifi imejaa na ujumbe hauendi, angalia anwani ya simu au kompyuta. Ikianza na 169.254, au ikiwa hakuna kabisa, tatizo liko kwenye ruta ya nyumbani. Kununua mega nyingine hakutasaidia. Anwani ikiwa nzuri, hapo ndipo uulize kuhusu mega au kampuni.

Pili, zima ruta, ngoja kidogo, uwashe. Kama haitoshi, ingia kwenye ukurasa wake, utazame kama DHCP inafanya kazi.

Tatu, andika kwenye karatasi jina la wifi, neno la siri na mipango ya kadi kabla ya kubonyeza tundu la nyuma. Ukibonyeza, vyote vinafutika.

Nne, kusasisha programu ni kuzuri, kunaziba matundu ya wezi. Lakini usikufanye usiku batri ikiwa imeshuka. Umeme ukikatika katikati, ruta inaweza kufa. Fanya mchana, jua likiwapo.

Tano, waambie wote wa nyumba kabla ya kukubali programu mpya, wageni vilevile. Anayengoja habari kutoka ng'ambo ya ziwa ajue kwamba kimya kinatoka kwenye kisanduku kile.