Ipole, Kijiji cha Asali na Mbung'o

Ukiondoka Tabora, mji wa njia ya kale ya misafara ya pwani, ukaelekea kusini, utapita Sikonge kisha utafika Ipole. Hapo barabara inagawanyika: moja yaenda Koga na Mpanda, nyingine Rungwa na Mbeya.

"Mwangaluka!" ndiyo salamu ya asubuhi. Tulipowatembelea wenzetu, walitukaribisha kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Watu hulima mahindi na tumbaku, na nyuma ya mashamba ni miyombo. Ipole na vijiji jirani hutunza hifadhi ya jamii ya wanyamapori yenye zaidi ya kilometa za mraba 2,000. Kutoka misitu ya namna hii hupatikana asali ya Tabora inayosifiwa kote nchini. Wanaume huweka kambi porini majuma kadhaa wakirina, na fedha ya asali hulipia sare na madaftari ya watoto.

Lakini msitu huohuo una mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, waenezao malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika ili wakae pamoja, mbali na mdudu huyu.

Mama mmoja alituambia kwamba mumewe alitibiwa malaria mara mbili bila nafuu. Hakuna aliyemwuliza alikotoka. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Ametoka kurina asali," ndipo damu ikapimwa tena na malale yakaonekana. Alipona.

Sisi wauguzi tunawasihi: baba au kijana akirudi kutoka porini ana homa, maumivu ya kichwa, tezi zilizovimba, au kidonda mahali alipoumwa, mpelekeni mapema, na mtaje kwamba ametoka porini. Msingoje asinzie mchana au achanganyikiwe, maana malale ya huku huweza kuua kwa miezi michache. Waendao porini wavae nguo nene za mikono mirefu. Rangi ya bluu na nyeusi huwavuta mbung'o.

Asali ni baraka ya nyumba. Tuipokee, lakini tumtazame vema na yule aliyeileta.