Tulihesabu dola, hatukuhesabu buloni

Juma hili nawaletea habari ya gari. Najua wengine watasema hayo ni mambo ya wanaume. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku nilipokaa kando ya barabara ya Walungu pamoja na wamama tisa, magunia ya mihogo, na gurudumu la akiba lililokataa kuingia.

Nyumbani tuna pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mwaka 1994, aliyotuachia baba mkwe. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Siku za soko, Baba Furaha anabeba wamama na bidhaa zao toka Bukavu kwenda Mugogo, na franka za safari ndizo zinalipa minervali ya watoto wetu wanne. Injini ilikuwa bado na nguvu, lakini mbele gari ilikuwa ngumu kama jiwe. Kila shimo liliingia mgongoni. Mama mmoja mwenye mimba aliniambia, "Madamu, gari yenu inatupiga. Mimi nitapanda tena nikisha kuzaa."

Neno hilo liliniuma. Tulipokwenda garaji, fundi alitueleza. Katika Land Cruiser za zamani kama yetu, ponti ya mbele inabebwa na malame, yaani vyuma bapa virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Katika mwaka 1999 Toyota ilibadilisha mbele ya pikapu hizo, ikaweka springi za kusokotwa, kama ile ndogo iliyo ndani ya biki ya kubonyeza, ila kubwa. Fundi alikuwa na mbele nzima ya pikapu ya aina mpya iliyopinduka: ponti, springi, amortisere, hata magurudumu yake mawili. Bei pamoja na kazi: dola 700. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika. Nikazitoa.

Kazi yenyewe si kufungua na kufunga tu. Malame ni kama kitenge cha kumbebea mtoto: kinamshika na kinamtuliza, kazi mbili kwa nguo moja. Springi ya kusokotwa inabeba uzito tu, haishiki. Kwa hiyo inahitaji mikono miwili ya chuma inayozuia ponti isiende mbele wala nyuma, na fimbo moja ya kupita toka upande huu hadi upande ule, ili ponti isihame kushoto wala kulia. Fimbo hiyo na ile ya usukani lazima zilale sambamba, la sivyo kila shimo litaigeuza gari bila dereva kutaka. Na pahali pa kushikiza hayo yote hapakuwapo kwenye shasi yetu ya zamani. Ilibidi kupachomelea.

Hapo ndipo mwalimu wa hesabu aliamka ndani yangu. Nilimwomba fundi achomelee kwanza kwa nukta chache tu. Tukashusha uzi wenye jiwe toka katikati ya kila gurudumu hadi chini, nikaweka alama nne za chaki kwenye sakafu. Halafu tukapima kutoka pembe hadi pembe: mbele kushoto hadi nyuma kulia, na mbele kulia hadi nyuma kushoto. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kulingana, kama vile ninavyowafundisha watoto darasani. Vilipishana sentimeta 2. Fundi alicheka, akapima mwenyewe, akaacha kucheka. Alikata, akasogeza, akachomelea upya. Mimi nilirudi nyumbani nikitembea kama mkaguzi wa shule.

Safari ya kwanza ilikuwa furaha. Wamama waliimba njia nzima. Hata yule mwenye mimba alipanda. Juma la pili, kabla ya kufika Mugogo, gurudumu la mbele la kulia lilipasuka. Baba Furaha alishusha lile la akiba, akaliinua, akasimama. Gurudumu lilikuwa na matundu sita. Ponti mpya ilikuwa na buloni tano.

Ponti ya nyuma tuliiacha ya zamani, ya buloni sita, na gurudumu la akiba pia lilikuwa la zamani. Wote tulikuwa tumeona tofauti ile pale garaji. Hakuna aliyeuliza: je, siku ya shida itakuwaje?

Baba Furaha alilibeba lile lililopasuka kwa pikipiki kwenda kutafuta mtu wa kuliziba. Ilipita saa nne. Mvua ilinyesha. Aliporudi soko lilikuwa limekwisha. Niliwarudishia wamama franka zao za safari, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa yule mwenye mimba, ambaye mihogo yake aliinunua kwa mkopo wa kikundi. Alizipokea, akaniangalia. "Madamu, safari umenirudishia. Soko la leo nani atanirudishia?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilitaka kumlaumu fundi, kisha Baba Furaha. Lakini nilikuwapo na chaki mkononi! Nilipima sentimeta 2, na sikuhesabu mpaka sita. Nilipima ninachokijua, nikajisifu, nikaacha kuuliza.

Tulikubaliana mambo matatu. Juma lililofuata bidhaa za mama yule zilibebwa bure, na mara mbili tena baada ya hapo. Tulinunua gurudumu la pili la akiba: sasa moja lina alama ya rangi nyeupe, ni la mbele, na lingine jekundu, ni la nyuma. Na kila siku ya soko, kabla ya mtu kupanda, Baba Furaha anaingia chini na kuangalia kama chuma kimepasuka pale kilipochomelewa.

Wamama, kesho kikundi chenu kitanunua mashine ya kusaga, au kubadilisha motere yake. Ingieni kazini, msibaki mlangoni. Ulizeni kile cha zamani kilikuwa kinafanya kazi ngapi. Ulizeni ni nini kingine lazima kibadilike pamoja nacho. Na ulizeni kikiharibika mbali na nyumbani, kitu gani kitatuokoa.

Mama yule amejifungua salama. Amerudi kwenye gari yetu, mtoto mgongoni. Kila asubuhi, kabla ya kupakia gunia lake, anazunguka nyuma na kutazama kama magurudumu yote mawili yapo. Simkatazi. Nami nahesabu pamoja naye.