Ndege ya Milia

Dornier Do 27 si ndege nzuri ya kutazama. Pua imevimba, miguu imetanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo, na bawa limekaa juu ya paa kama ubao aliousahau fundi. Lakini inapaa na kutua pafupi mno, na ndiyo maana Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliichagua walipotoka Ujerumani kuja kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958. Waliipaka milia ya pundamilia. Usajili wake ulikuwa D-ENTE, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Basi bata mwenye milia.

Mimi nimeijenga kwa kipimo cha moja kwa nne. Ya kweli ilikuwa na mita 12 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Yangu ina mita 3. Ukiiingiza sebuleni, sebule imekwisha. Mke wangu ndiye aliyelisema hilo kwanza, kwa maneno makali zaidi.

Imenichukua miaka miwili hapa Arusha. Mbavu za bawa ni za balsa, mti mwepesi kama mkate mkavu, ambao lazima uagizwe ng'ambo. Boriti zinazobeba bawa ni za msonobari wa kawaida, nilizochagua mwenyewe kwa seremala, nikiupita ubao baada ya ubao kutafuta nyuzi zilizonyooka. (Wale vijana walidhani nanunua mbao za jeneza.) Injini ni ya petroli, ya sisi 50, imefungwa pangaboi la mbao. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, injini inapungua nguvu na bawa linabeba kidogo. Kwa hiyo kila gramu nilikuwa naigombania.

Misukosuko ilianza mapema. Shehena ya kwanza ya balsa ilifika imevunjika vipande. Boksi lilikuwa limeandikwa kila upande kwamba lishikwe taratibu. Nadhani maandishi yenyewe ndiyo yaliyowachokoza. Masika yakaja, unyevu ukaupinda mkia, nikaunyoosha kwa mvuke wa birika na matofali mawili yaliyolala juu yake usiku kucha. Hayo ni madogo. Vibali vya kurusha navyo vinahitaji makala yao, tena ndefu.

Kubwa lilitokea katika mruko wa tatu, mwezi wa saba, nje ya mji. Dakika ya nne ndege ilikuwa inageuka kurudi, nikavuta fimbo ya rimoti, haikuitika. Hakuna kitu kirefu kama sekunde hizo. Ikaendelea kuinamia kushoto, kwa utulivu kabisa, mpaka ardhini. Ndege ya kilo 13 ikianguka inatoa sauti ya kabati la vyombo lililosukumwa kutoka ghorofani. Wachungaji wadogo walifika kabla yangu, wakasimama mbali kwa heshima, kama watu waliofika msibani.

Nilipiga picha kwanza, kisha nikaokota kila kitu, hata vibanzi, nikavifunga kwenye turubai. Wanaojenga ndege ndogo watakuelewa: mabaki ni maandishi. Pangaboi lilivunjika ncha zote, maana yake injini ilikuwa inavuta mpaka mwisho. Betri ilikuwa imejaa. Ila swichi, kitu cha ukubwa wa kidole gumba kilichokuja kwenye pakiti yake kutoka Ulaya, ukiitingisha umeme unakatika, ukitulia unarudi. Mtikisiko wa injini ulitosha. Siku hizi ndege ina betri mbili na swichi mbili, kila moja inaweza kubeba kazi peke yake.

Bawa la kushoto lilikuwa juu ya meza, limekatika katikati ya milia, siku alipopita mzee jirani yetu kutaka ngazi. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hii naijua."

Alikuwa mtoto mchungaji upande wa Moru, ndani ya Serengeti, ndege hiyo ilipokuwa inapita juu ya ng'ombe wao. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliwekwa chini wakatia saini ya kuondoka. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa, na familia yake ikahamia huko. Grzimek aliamini kwamba ndani ya hifhadhi pasikae watu wala mifugo, na hakulificha hilo.

"Walihesabu nyumbu," mzee akasema. "Walihesabu pundamilia, walihesabu swala. Boma la mama yangu walilihesabu?"

Walihesabu wanyama wakubwa zaidi ya 360,000. Tarakimu hiyo ilikuwa mdomoni, nikaimeza. Nikamwambia tu kuhusu Michael, kwamba tarehe 10 Januari 1959 tai aligonga bawa la kulia la ndege hii, ikaanguka, naye alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta.

"Najua kaburi. Mtoto wa watu, hilo halimfurahishi mtu." Akatulia. "Lakini mama naye alilia."

Sikuwa na la kujibu, na sidhani alilitaka. Akavuta stuli. "Nishike wapi?"

Boriti iliyovunjika haiungwi kichwa kwa kichwa. Unaikata kwa mshazari mrefu: kwa kila sentimita moja ya unene, mkato uwe wa sentimita kumi, ili gundi ipate uwanja wa kushika. Halafu epoksi, halafu jiriwa. Mimi nina jiriwa nne, na kazi ilitaka sita. Mzee alishika ncha mbili kwa mikono yake kwa zaidi ya nusu saa, bila kutikisika, akinieleza namna ya kumfunga ndama mguu uliovunjika. Alipoondoka aliuliza kama milia nitairudishia.

Nimevika kitambaa cheupe bawa lile, na mpaka leo sijalipaka. Ndege imeruka tena mara tano. Inavuta kushoto kidogo, nadhani ni uzito wa kiungo. Mzee hajaja kuitazama hata mara moja. Tukikutana njiani huuliza tu kama bawa limeshika.