Habari za Kupasuliwa Pafu kwa Matundu Madogo



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za ugonjwa wa kifua, na hasa habari za upasuaji wa pafu ule ufanywao kwa matundu madogo, pasipo kupanua mbavu. Sababu yetu ni hii, kwamba twaona watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza, wakisikia neno kisu, husema pafu likiguswa na hewa mtu haishi tena; basi mgonjwa wao hukaa nyumbani akikohoa damu hata nguvu zikamwishia. Kundi la pili, wakisikia kwamba siku hizi daktari hutoboa matundu mawili matatu tu, hudhani ni jambo jepesi kama kung'oa jino. Na mambo yakienda kinyume hunung'unika, wakisema wamedanganywa. Wote wawili hawakuijua kweli. Na kwa kuwa jambo hili limeingia hata katika jamaa yetu, tumeona ni wajibu wetu kulieleza kwa utaratibu.

Kwanza tufahamu jinsi kifua kilivyoumbwa. Pafu la kuume lina sehemu tatu, na la kushoto lina mbili, maana moyo umepewa nafasi upande ule. Pafu halina nyama ya kujivuta lenyewe. Hufuata ukuta wa kifua kila utanukapo. Hewa ikiingia kati ya pafu na ukuta ule, pafu hunywea kama kibofu kilichotobolewa. Basi wazee waogopao hewa hawakusema neno la upuuzi. Hofu yao ina shina. Ila hawajui kwamba madaktari nao waliijua hatari hiyo zamani, wakatafuta njia ya kuishinda, na hata ya kuitumia iwe dawa.

Maana katika karne ya kumi na tisa alikuwako tabibu wa Italia, jina lake Carlo Forlanini, aliyefundisha kwamba pafu lenye kifua kikuu likitiwa hewa kando yake kwa makusudi, litanywea na kupumzika, na mashimo yake yatapata kufungika. Wengi walitibiwa hivyo. Walakini wengine pafu lao lilikuwa limeshikamana na ukuta wa kifua kwa nyuzi za makovu, likakataa kunywea. Ndipo Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, nchi ya Sweden, mwaka wa 1910 alipotangaza kwamba mtu aweza kuingiza chombo chembamba chenye taa katika kifua na kutazama ndani. Na baadaye akazikata nyuzi zile kwa moto huku akitazama. Huo ndio mwanzo wa kazi tunayoisimulia. Hata dawa ya streptomisini ilipogunduliwa mwaka wa 1943, na dawa nyingine zikafuata, njia ya kunyweza pafu iliwekwa kando, na chombo kile kikabaki mikononi mwa wachache.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakijifunza kuondoa pafu kwa kufungua kifua. Mwaka wa 1933, katika mji wa St. Louis huko Marekani, Evarts Graham alimwondolea mgonjwa wa saratani pafu zima kwa mara moja. Mgonjwa yule, ambaye naye alikuwa daktari, aliishi karibu miaka thelathini baada ya siku ile. Lakini njia ya kufungua kifua ina gharama yake. Mkato ni mrefu, na mbavu hutanuliwa kwa chuma. Na chini ya kila ubavu hupita neva, yaani uzi upelekao habari ya maumivu kwenye ubongo. Ukibanwa, mtu huumwa siku nyingi. Naye aumwaye kifua huogopa kuvuta pumzi na kukohoa. Asiyekohoa makohozi humkaa mapafuni, na kichomi hufuata.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kamera zilipokuwa ndogo na picha yake kuonekana wazi juu ya kioo, madaktari, miongoni mwao Giancarlo Roviaro wa Milan, walianza kuondoa sehemu nzima ya pafu kwa matundu. Mwaka wa 2010 Diego Gonzalez-Rivas wa A Coruña, nchi ya Hispania, aliifanya kazi hiyo kwa mkato mmoja tu. Na kazi hufanywaje? Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, na kutiwa kooni mpira wenye njia mbili, apate kupumua kwa pafu moja huku la pili likinywea kwa makusudi. Kamera huingia tundu moja, vyombo matundu mengine. Mishipa ya damu hufungwa na kukatwa, na sehemu mbovu hutiwa katika mfuko na kutolewa. Mwisho huachwa mpira kifuani, ncha yake ya nje ikiwa chini ya maji katika chupa, ili hewa na maji ya kifuani yatoke, wala hewa isipate kurudi. Hiyo ndiyo chupa ambayo jamaa za wagonjwa huitazama kwa hofu, ikitoa mapovu kando ya kitanda.

Sasa tuulize, matunda ya njia hii ni nini? Katika mji wa Odense, nchi ya Denmark, wagonjwa 206 waligawanywa kwa kura, wengine wapasuliwe kwa matundu, wengine kwa kufungua kifua. Habari zao zilitolewa mwaka wa 2016. Katika siku ya kwanza, waliopata maumivu makubwa au ya kadiri walikuwa 63 katika kila 100 wa kufunguliwa kifua, na 38 katika kila 100 wa matundu. Huko Uingereza wagonjwa 503 waligawanywa vivyo hivyo, na habari zao zikatolewa mwaka wa 2022. Wa matundu walikuwa na nguvu zaidi za kufanya kazi za mwili baada ya majuma matano. Wala saratani haikuachwa zaidi kwa sababu ya udogo wa tundu.

Lakini, ndugu, someni na upande wa pili wa habari hizo za Uingereza. Waliopatwa na matatizo wangali hospitali walikuwa kama 44 katika kila 100 wa kufunguliwa kifua, na kama 33 katika kila 100 wa matundu. Basi njia ya matundu ni bora, ila mtu mmoja katika kila watatu bado alipatwa na jambo. Tena Robert McKenna wa Los Angeles na wenzake walitoa mwaka wa 2006 hesabu ya wagonjwa 1,100 waliopasuliwa hivyo. Katika hao, 932 hawakupata tatizo lo lote baadaye. 28 ilibidi wafunguliwe kifua kazi ikiwa katikati. Na 9 walifariki, ingawa hapana aliyefia mezani. Twasema haya si kwa kuwatisha, bali kwa kuwa tundu dogo halina maana ya kazi ndogo. Ndani ya kifua kisu hufanya kazi ileile. Kilichopunguzwa ni mlango.

Na matatizo yenyewe ni haya. La kwanza ni hewa kuvuja kutoka kwenye pafu lililokatwa. Ikizidi siku tano madaktari huiita ndefu, na mpira hauwezi kutolewa bado. La pili ni moyo kuanza kupiga mbio bila mpango katika siku za kwanza. Hilo huwapata wazee zaidi. La tatu ni kichomi. La nne ni damu, maana mishipa ya pafu ni mikubwa na kuta zake ni laini. La tano ni usaha katika kifua. La sita ni maumivu yanayobaki, kwa kuwa hata tundu dogo hupita kati ya mbavu, palipo na neva.

Sasa tuseme habari ya nyumbani kwetu. Mume wa dada yetu ni mwalimu. Alipata kuugua kifua kikuu, akapona kwa dawa, lakini juu ya pafu la kuume likabaki shimo, na katika shimo lile akaanza kukohoa damu. Katika hospitali moja ya mji mkubwa aliambiwa kwamba watajaribu kwa matundu, ila pafu likiwa limeshikamana sana watafungua kifua. Alikubali na kutia sahihi, naye alimwambia mkewe maneno yote mawili. Kwa wazee alipeleka neno moja tu, lile la matundu, maana hakutaka kuwatia hofu.

Basi pafu lilikuwa limeshikamana kama ngozi juu ya tunda bichi, na madaktari wakafungua. Wazee walipomwona ana jeraha la shubiri nzima na zaidi, walikasirika mno. Mmoja alisema tumeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Mwingine alisema daktari ameshindwa kazi. Na chupa ilipoendelea kutoa mapovu siku ya sita, na ya saba, na ya nane, likaja shauri la kumtoa hospitalini na kumrudisha nyumbani, mpira na yote. Usiku ule hatukulala. Tulijua kwamba mpira ule ukitolewa hewa ingali inavuja, hewa itajaa kifuani na kulisonga pafu, na huenda asifike nyumbani akiwa hai.

Dada yetu ndiye aliyesimama. Aliwaambia wazee kwa heshima, "Baba zangu, mwenye mwili alijua, nami nilijua. Daktari aliyefungua kifua hakushindwa. Angelazimisha matundu, mngekuwa mmekuja kuzika." Kisha akaomba daktari awaeleze wazee wote pamoja, nao wakaruhusiwa kuuliza walilotaka. Daktari aliwaonyesha kwamba mapovu yalitoka tu mgonjwa akikohoa, na si kila pumzi kama mwanzo. Siku ya kumi na moja mapovu yalikoma. Mpira ukatolewa, na baada ya siku chache akarudi nyumbani.

Je, alipona? Damu haikurudi tena, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Walakini maumivu ya ubavu yalimkaa miezi mingi, na hata leo apandapo kilima cha shule hupumzika mara mbili njiani. Tusiwaambie watu kwamba alirudi kama kijana. Alipewa uhai, na uhai huo una kovu.

Katika mambo haya twapata mashauri ya kuwapa ninyi. Kwanza, mgonjwa asifichwe, wala asiwafiche jamaa zake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza kwamba mficha hatari fitina humfuata. Pili, mwulizeni daktari kabla ya siku ya kazi: Je, kazi hii mmeizoea? Mkishindwa kwa matundu mtafanya nini? Ni matatizo gani huwapata watu wenu, nanyi hufanya nini yakitokea? Kuuliza si ujinga, wala si ukosefu wa adabu. Tatu, madaktari wakigeuza njia katikati ya kazi, msihesabu kuwa ni aibu. Nahodha mwema akiona mwamba hugeuza tanga. Nne, baada ya kazi msaidieni mgonjwa aketi, akohoe, avute pumzi kwa nguvu, na kutembea, hata akiwa na mpira. Wala chupa isiinuliwe juu ya kifua chake, maji yasije yakarudi ndani.

Tano, yeye avutaye tumbaku na aiache mapema kabla ya siku ya kisu, na asiirudie. Yule Evarts Graham tuliyemtaja alikuwa mvuta sigara. Mwaka wa 1950 yeye na Ernst Wynder walitoa habari za wagonjwa 684 wa saratani ya pafu, zikionyesha jinsi sigara ifungamanavyo na ugonjwa huo. Naye akaacha sigara, lakini alikuwa amekwisha kuchelewa. Mwaka wa 1957 akafa kwa saratani ya pafu, na mgonjwa wake wa mwaka wa 1933 akamwacha nyuma. Waalimu, wasimulieni watoto habari hiyo, kwa kuwa ni ya kweli na haihitaji kuongezwa neno.

Na kwa wale wasemao kwamba kukubali kisu ni kupungukiwa na imani, twawakumbusha kwamba Luka alikuwa tabibu, wala mitume hawakumkataza kazi yake. Yule Msamaria naye alitia mafuta na divai katika majeraha, akalipa na gharama za nyumba ya wageni. Sala na dawa si wake wenza wagombanao. Zote mbili hukaa nyumba moja. Basi mwenye kikohozi kilichozidi majuma mawili, au akohoaye damu, asingoje. Mpelekeni hospitali akapimwe mapema, na ninyi mwende pamoja naye, mkasikie kwa masikio yenu atakayoambiwa.