Ufunguo wa root si kitanda cha hosteli

Najua nimepotea. Wiki hizi za mwisho wa semista mnazijua wenyewe, vimbweta vimejaa mpaka saa tano usiku, watu wanapiga msuli utadhani kesho ndiyo kiama, na sisi wa kompyuta tumeongezewa na msimu wa projekti za mwaka wa nne. Leo nimepata nafasi kidogo na nimeona niandike kuhusu seva yetu, maana maneno yameshazunguka hosteli nzima na kila anayesimulia ana toleo lake. Eti nimemnyima Da Mkubwa paswadi kwa roho mbaya. Haya, na mimi nitoe la kwangu.

Kwanza kwa wale wa BCom na sheria wanaopita hapa kwa ajili ya umbea tu (mnakaribishwa pia). Tuna kaklabu ketu kanakopanga mashine ndogo ya Linux kwenye wingu. Kila semista bumu likitoka tunachanga, tunalipia, na wanachama wanaweka projekti zao humo. Mpaka leo tuko 34. Mimi na kijana mmoja wa darasani ndio tumepewa kazi ya kuitunza, kazi isiyo na posho wala sifa.

Na hilo "wingu" lisiwatishe. Halipo angani. Ni kompyuta iliyopo kwenye jengo la mtu, lenye umeme na kiyoyozi, na wewe unakodi kipande chake kwa saa au kwa mwezi. Ni kama nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba anaangalia ukuta, paa, umeme na mlinzi wa getini. Chumba chako ukiacha mlango wazi ukaenda sokoni, usirudi kumlilia yeye. Wengi wakisikia wingu wanadhani kuna mtu huko juu anawafungia madirisha. Hakuna, jamani.

Ukitaka kuamini, fungua logi ya SSH kwenye seva yoyote mpya ya Ubuntu au Debian baada ya siku moja tu. Utakuta majaribio ya kuingia kwa maelfu, kutoka nchi ambazo huna hata shangazi. Wanajaribu root, admin, test, ubuntu, oracle, moja baada ya nyingine. Na hawakujui! Hawajui kama wewe ni mwanafunzi unayekula wali maharage. Ni programu zinazopita mtaa mzima zikisukuma kila mlango. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu inaitwa ZMap, na walionyesha kuwa kompyuta moja yenye intaneti nzuri inaweza kuzigonga anwani zote za IPv4 kwa chini ya dakika 45. Kwa hiyo ile hoja ya "nani atahangaika na seva yetu ya chuo" iliisha siku nyingi.

Sasa kwenye ugomvi wenyewe.

Da Mkubwa yuko mwaka wa nne, mimi wa tatu. Wanaotujua wanajua historia. Nilipokuja mwaka wa kwanza majina ya vyumba yalibandikwa na langu halikuwepo. Sikuwa na ndugu mjini. Yeye ndiye aliyenibeba, semista nzima, kitanda kimoja cha futi tatu, kichwa huku miguu kule. Ukaguzi ukipita alikuwa ananificha nyuma ya mapazia ya nguo. Hakuniomba hata shilingi ya sabuni. Kwa hiyo huyu si mtu wa kumjibu hovyo.

Projekti yake ni mfumo wa kupanga foleni ya wagonjwa kwenye zahanati, na ni nzuri kweli. Alhamisi iliyopita usiku, kesho yake asubuhi anawasilisha, programu yake ikawa inagoma kuongea na databesi. Akanijia chumbani.

"Mdogo wangu, nipe paswadi ya root usiku huu tu. Kesho nakurudishia."

Nikamwambia, "Da Mkubwa, paswadi hairudishwi. Ukishaijua umeijua."

Akacheka, akadhani natania. Alipoona sicheki akaniangalia kwa muda, halafu akasema neno ambalo bado linanizunguka kichwani: "Mimi nilipokubeba sikukuomba kitambulisho."

Jamani. Hebu jiweke kwenye nafasi yangu.

Ngoja nieleze kwa nini sikumpa, na naomba msome taratibu kabla ya kunihukumu.

Root kwenye Linux ni mwenye mamlaka yote. Anasoma faili la kila mtu, anafuta chochote, anazima chochote, na mashine haimuulizi mara mbili. Amri moja iliyokosewa nafasi kati ya herufi inatosha kupeleka kazi za watu 34 kaburini. Na usiku wa manane, mtu hajalala siku mbili na kesho ana wasilisho, hata mimi nisingejiamini na ufunguo huo. Halafu kuna hili: watu wawili wakitumia root moja, logi itaandika "root amefanya". Root yupi? Likiharibika jambo, wote mnakuwa watuhumiwa, na urafiki unakufa kifo kibaya zaidi ya cha kunyimwa paswadi.

Watu wa vyuo waliliona tatizo hili zamani sana. Amri ya sudo ilitengenezwa mnamo 1980 huko SUNY Buffalo, Marekani, ili mtu aruhusiwe kufanya jambo fulani la root bila kupewa root yenyewe, na jina lake liandikwe. SSH, ambayo ndiyo njia tunayoingilia kwenye seva, iliandikwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, baada ya mtu kunasa paswadi za watu kwenye mtandao wa chuo chao. Linux yenyewe ilianzishwa na mwanafunzi, Linus Torvalds, mwaka 1991, huko huko Helsinki. Yaani hizi zana zimetoka kwa watu wa kampasi kama sisi, wenye marafiki kama wetu na usiku mbaya kama huu.

Kuna mtu chumbani aliniambia, "Lakini Da Mkubwa unamwamini." Ndiyo, namwamini. Ila nawakumbusha yaliyotokea mwaka 2024. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inaitwa xz, iko karibu kila mahali kwenye Linux, na ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea. Akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan. Tangu 2021 alikuwa anatuma marekebisho, taratibu, mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa sehemu ya usimamizi. Kisha kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 akaficha mlango wa uani, ambao ungemruhusu mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva kupitia SSH. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, kwa sababu tu aliona SSH inachelewa kama nusu sekunde hivi akaamua kuchimba. Akatangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo hayo hayajasambaa kwenye seva nyingi. Nusu sekunde, wadau!

Simfananishi Da Mkubwa na huyo. Ninachosema ni kwamba mashine haina njia ya kupima moyo wa mtu. Inapima ufunguo. Na hata rafiki mwaminifu kuliko wote anaweza kuibiwa leptopu kwenye daladala.

Kwa hiyo nilifanya nini? Sikumwacha hivyo hivyo. Niliamka, tukakaa wote mpaka saa tisa usiku.

Tukagundua alichotaka hakikuhitaji root kabisa. Databesi yake ya PostgreSQL ilikuwa inasikiliza ndani ya seva tu, na yeye alitaka nifungue mlango namba 5432 kwa dunia nzima ili aifikie kutoka kwenye leptopu yake. Hilo nalo nilikataa. Mwanzoni mwa 2017 maelfu kwa maelfu ya databesi za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila paswadi zilifutwa, na wenyewe wakakuta ujumbe wa kudai bitcoin. Badala yake nikamwonyesha kupitisha databesi ndani ya SSH, amri ya mstari mmoja tu. Leptopu yake ikaongea na databesi kama vile iko mezani, na nje hakuna mlango uliofunguka. Kisha nikampa sudo ya jambo moja: kuwasha upya huduma ya programu yake. Na majina ya wagonjwa aliyokuwa anajaribia tukabadilisha yote yakawa ya kubuni, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mambo ya afya ya mtu siyo ya kuchezea.

Asubuhi akawasilisha na mfumo ukafanya kazi. Nilikuwa nimekaa nyuma. Akamaliza, akapigiwa makofi, akapita karibu yangu bila kunisemesha.

Mpaka leo salamu zake ni za mkato. Inauma, siwafichi. Nimeliwaza sana lile neno la kitambulisho na jibu langu ni hili: deni langu kwake ni kubwa na nitalilipa kwa vitu vyangu. Kitanda changu ni chake akikitaka. Bumu langu tutagawana. Usingizi wangu ameshauchukua na achukue tena. Lakini seva siyo yangu. Ni ya watu 34, na wengi wao hawajawahi hata kukutana na Da Mkubwa. Siwezi kulipa fadhila kwa mali ya watu wengine.

Haya, na kwa wale wanaotaka kupanga mashine yao wenyewe, nondo hizi hapa, bure kabisa:

1. Kila mtu na akaunti yake. Akihitimu au akiondoka, ifungwe siku hiyo hiyo.

2. Tumieni jozi ya funguo za SSH, halafu zimeni kabisa kuingia kwa paswadi na kuingia moja kwa moja kama root. Ufunguo wa siri hautumwi kwa WhatsApp, hata kwa mchumba. Na mkibadilisha mipangilio ya SSH, msifunge dirisha mlilonalo mpaka mjaribu kuingia kwa dirisha la pili. Vinginevyo mtajifungia nje.

3. Fungueni milango mnayoihitaji tu, na wekeni masasisho ya usalama yajiendeshe yenyewe.

4. Akaunti ya wingu ile ya kulipia ilindwe kuliko seva. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces iliingiliwa kwenye paneli yake ya Amazon, mvamizi akafuta seva na nakala za akiba pia, na ndani ya masaa kama 12 hivi kampuni ikawa imekwisha. Hakuhitaji kugusa SSH. Kwa hiyo nakala moja angalau ikae nje ya akaunti hiyo.

5. Nakala ya akiba ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta data kwenye databesi kuu akidhani yuko kwenye ile ya pili. Kati ya GB 300 hivi ikabaki GB 4.5. Walipokwenda kwenye akiba wakakuta faili za kila siku hazikuwepo, kwa sababu ya toleo lisilolingana, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono masaa sita kabla. Wakayaandika yote hadharani, na kwa hilo nawavulia kofia.

Sisi tunafanya zoezi la kurejesha kila mwisho wa mwezi. Jumamosi hii saa nne asubuhi, maabara ya chini. Tutawasha mashine tupu, tutarudisha projekti zote 34 kutoka kwenye nakala, na kila mwenye kazi yake aje aiangalie kwa macho yake kama imetimia. Njooni na leptopu zenu, na wale wa mwaka wa kwanza nitawaonyesha kutengeneza funguo.

Da Mkubwa nimemtumia ujumbe wa mwaliko pia. Umeonyesha tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Nitamwekea kiti.

Ngoja nikimbilie kipindi. Msome salama, na asidisko mtu.