Bao Lilimfungua Baba Watoto

Mume wangu alipopunguzwa kazi, jioni zake zilihamia kijiweni hapa Mlandege, kwenye bao. Nyumbani tukabaki na kimya.

Wapendwa akina mama, nilimwomba anifundishe: mashimo 32, kete 64, na nyumba ambayo kila upande huanza nayo ikiwa na kete 6. Majirani walisema huo ni mchezo wa wanaume.

Jumamosi moja mimi na binti yetu tulimkabili. Tulipambana hadi chai ikapoa. Akaila nyumba yetu, kisha mstari wetu wa mbele ukabaki mtupu. Alicheka, halafu akanyamaza. "Mama, ada ya shule inaninyima usingizi," akasema.

Usiku ule tulipanga bajeti pamoja. Dada, mwenzio akinyamaza, jaribu kuketi kwenye mchezo wake.