Mkia wa gari na kipando cha kwetu

Mama wenzangu wa Bukavu, mnajua mji wetu: nyumba ziko juu ya barabara au chini yake, zilizo sawa nayo ni chache. Ya kwetu iko juu. Basi letu dogo hupeleka watoto shuleni asubuhi na kubeba magunia ya unga mchana. Kila likipanda kuingia kwenye parseli, mkia wake ulikwaruza chini. Kraa! Tulizoea.

Siku moja binti yangu aliniambia kichwa kinamuuma akiwa garini. Kesho yake mdogo wake akatapika. Nikafikiri ni malaria. Lakini wakifika shuleni na kupata hewa, walikuwa wazima. Ndipo nikamwita fundi. Aliingia chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa: bomba la moshi lilikuwa limepasuka pale pale linapogonga, na moshi ulipita kwenye mlango wa nyuma usiofunga vizuri. Moshi wa injini una gesi isiyo na harufu, na gesi hiyo inaua. Usiku ule sikulala.

Bomba lilitengenezwa. Baba watoto akataka pia tuinue gari kwa resori kubwa. Nikamwomba kwanza tupime, kama ninavyofanya na wanafunzi wangu. Kutoka gurudumu la nyuma hadi mwisho wa mkia: metre 1. Kutoka mwisho wa mkia hadi chini: sentimita 25. Maana yake, kipando kikiinuka zaidi ya sentimita 25 kwa kila metre, mkia utagusa, kwa sababu magurudumu ya nyuma yameanza kupanda na mkia bado uko juu ya barabara. Chetu kiliinuka 30. Tukapima tena gari likiwa na magunia nyuma: 25 zilibaki 19!

Basi tulianza na visivyogharimu pesa. Magunia yanashushwa barabarani, au yanapangwa mbele ya gurudumu la nyuma. Watoto wanashuka chini, wanapanda kwa miguu. Pumzi ya magurudumu inaangaliwa kila wiki. Fundi alibadilisha vyuma vya resori vilivyochoka, mkia ukarudi mahali pake. Kuinua gari kupita hapo alitukataza: gari refu lenye mzigo hupinduka upesi kwenye kona.

Kilichobaki kilikuwa kipando chenyewe. Jumamosi moja majirani walikuja, tukafanya salongo. Pale chini kinapokutana na barabara tulipanga mawe na changarawe, tukavuta mwinuko uanze polepole, usianze kwa ghafla. Chini ya mawe tuliacha njia ya maji, maana mvua ya kwetu ingebeba kazi yote. Jirani wa chini pia angetulaumu kwa haki.

Sasa gari linapanda kimya. Lakini mimi nakumbuka zaidi zile siku za kraa, nilipoifanya kuwa sauti ya nyumbani. Mama, kama gari lenu au basi linalobeba watoto wenu linakwaruza, msingoje. Mwambieni shofa aangalie bomba la moshi leo. Na mtoto akisema kichwa kinamuuma ndani ya gari, fungueni madirisha, mshusheni, ndipo mfikiri malaria.